Mjomba wa Sinema Anajibu: "Binti yangu ameipenda, wahakiki wameiponda"

Barua za safari hii zimegongana. Nadhani ni likizo: watoto wako nyumbani, televisheni haizimwi, na wazazi wamejikuta wakitazama sinema ambazo wasingezichagua wenyewe. Nimetenga zile zinazouliza kuhusu filamu zilizotokana na riwaya za watoto, zile riwaya za ajabu zilizosomwa na vizazi. Barua nimezifupisha, majina yamebaki mezani kwangu.

Shikamoo Mjomba. Nina binti wa miaka tisa. Juzi tulitazama A Wrinkle in Time, ile aliyocheza Oprah. Ameipenda mpaka akataka kuirudia siku hiyo hiyo. Usiku nikaingia mtandaoni kusoma habari zake, nikakuta wahakiki wameiponda, asilimia arobaini na kitu tu. Mtoto wangu hana ladha, au hao wahakiki hawana moyo? (Mama wa binti mmoja, Morogoro)

Marahaba mama. Mwache airudie. Ana ladha yake, na wahakiki nao hawakuisingizia filamu.

Riwaya yenyewe ni ya Mmarekani Madeleine L'Engle. Wachapishaji zaidi ya 20 waliikataa kabla haijapata wa kuitoa mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikapewa Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Msichana Meg Murry, mwenye miwani na kichwa kigumu, baba yake mwanasayansi ametoweka. Wanatokea mabibi watatu wa ajabu, Mrs Whatsit, Mrs Who na Mrs Which, wanamchukua yeye, mdogo wake Charles Wallace na rafiki yao Calvin kwenda kumtafuta. Wanasafiri kwa kuukunja umbali. Kitabuni hilo linaelezwa kwa sketi: mabibi wanaishika ikiwa imetandazwa, wanasema chungu akitaka kuvuka kutoka mkono huu hadi ule atatembea sana, kisha wanaikutanisha mikono, na chungu amefika. Basi. Ukurasa mmoja, na mtoto wa miaka kumi ameelewa jambo ambalo wengine tunalisomea chuo.

Filamu ilitoka Machi 2018. Disney walimpa Ava DuVernay, aliyekuwa ameongoza Selma, na kwa kazi hii akawa mwanamke mweusi wa kwanza kukabidhiwa filamu ya waigizaji halisi yenye bajeti inayozidi dola milioni 100. Kwa hiyo wahakiki wengi waliingia ukumbini wakimwombea heri. Ukizisoma tahakiki zao utaliona hilo: wanaisifu nia, wanayasifu mavazi na rangi, wanamsifu Storm Reid aliyecheza Meg, halafu inakuja "lakini", na kuanzia hapo ni mteremko.

Nami nilipoitazama niliteremka nao. Filamu inaruka kutoka dunia moja hadi nyingine bila kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Oprah anatokea akiwa na urefu wa kupita miti, nyusi zimepambwa vito, na kila akifungua kinywa anatoa nasaha. Meg anaambiwa ajiamini, anaambiwa tena, halafu anaambiwa na mwingine. Mrs Whatsit, ambaye kitabuni anageuka kiumbe mwenye mwili wa farasi, kiwiliwili cha mtu na mabawa, hapa amegeuka jani kubwa la kijani linalopaa, na wahakiki hawakuchelewa kulifananisha na mboga za sokoni.

Yote hayo ningeyasamehe. Ninaloshindwa kulisamehe ni kuondolewa kwa Aunt Beast. Kwenye riwaya, Meg na baba yake wanatoroka wakimwacha Charles Wallace mikononi mwa adui. Msichana anafika sayari nyingine akiwa amepooza kwa baridi, na ana hasira na baba: amemtafuta muda wote huo, amempata, kumbe baba naye hawezi kila kitu. Anayemuuguza ni kiumbe asiye na macho, mwenye manyoya na mikono mingi laini, anayembeba kama mama anavyobeba mtoto mchanga. Hakuna vita wala mbio pale, ni uuguzi tu. Na ni kitandani pale Meg anapoelewa kwamba wa kumrudia mdogo wake ni yeye, hakuna mwingine. Kwenye filamu uamuzi huo unafanyika kwa sekunde chache, mtu na baba yake wanavutana, msichana anabaki. Ndiyo maana mwisho wake unakuwa mwepesi. Mhakiki anaposema "hadithi haishikani", mara nyingi anachokihisi ni shimo la namna hii, hata kama hajui nini kilikuwa pale.

Sasa binti yako. Sijui amesuka au amekata, lakini nakisia alichokiona. Meg wa kitabuni ana nywele za rangi ya panya na vyuma vya meno. Meg wa filamu ni msichana mwenye damu mchanganyiko na nywele zake mwenyewe zilizojikunja. Calvin anamsifia nywele hizo, naye haamini, anaipokea sifa hiyo kama mtu aliyepewa kitu kwa makosa. Baadaye giza, yaani yule adui, linapotaka kumrubuni linamletea Meg mwingine: nywele zimenyooshwa, miwani hakuna, nguo za duka la bei. Linamwambia, unaweza kuwa huyu. Anakataa. Tukio hilo halimo kwenye riwaya ya 1962, na lisingeweza kuwamo. Kwa mtoto anayesikia kila Jumapili jioni kwamba nywele zake ni "ngumu", anayeshikwa kichwa katikati ya magoti huku akiambiwa atulie, dakika ile inatosha kubeba filamu nzima. Baadhi ya wahakiki waliliona na kulisema. Wengine walilipita kwa sentensi moja wakaendelea kuhesabu kasoro. Hapo nipo upande wa binti yako.

Mkiirudia, msimamishe kwenye mtaa wa Camazotz, ile sayari ya adui. Nyumba zote sawa, kila mtoto yuko mbele ya nyumba yake anadundisha mpira, na mipira yote inagonga chini kwa mdundo mmoja. Kisha akina mama wanatoka mlangoni kwa pamoja kuwaita wakale. Hakuna zimwi wala mlipuko, na ndilo tukio linalotisha kuliko yote. Hata walioiponda filamu waliliachia hilo.

Mjomba, filamu ikipata asilimia 42 si imefeli? Kwetu shuleni hiyo ni D. (Kidato cha tatu, Mwanza)

D ni kufaulu, usiwatishe wenzio. Lakini ile si alama ya mtihani kabisa. Tovuti kama Rotten Tomatoes inachukua tahakiki zote, inaziweka mafungu mawili, zilizopendezwa na zisizopendezwa, kisha inakupa asilimia ya fungu la kwanza. Asilimia 42 maana yake ni kwamba katika kila wahakiki 100, kama 42 waliondoka wameridhika. Haisemi waliridhika kiasi gani. Filamu ambayo kila mtu ameiona "si mbaya" inaweza kupata 100, na filamu iliyowatoa machozi nusu ya watu na kuwachefua nusu nyingine ikapata 50. Mimi hiyo ya pili ndiyo ningekimbilia.

Na usimtupie mhakiki lawama zote. Kule Marekani watazamaji huulizwa wakitoka ukumbini, na A Wrinkle in Time walikuja kuipa B, ambayo kwa filamu ya familia ni daraja la upole tu. Wikiendi ya kwanza ilikusanya dola milioni 33 hivi nyumbani kwao, ikashindwa na Black Panther iliyokuwa tayari wiki ya nne sokoni. Zote mbili ni za Disney, kwa hiyo fedha ilibaki ukoo mmoja. Duniani kote iliishia kwenye milioni 132 na ushei. Ukikumbuka kwamba kumbi hubaki na sehemu kubwa ya tiketi, na kwamba bajeti haihesabu matangazo, utajua mhasibu hakucheka.

Mheshimiwa Mjomba, mimi ni mwalimu wa lugha. Niliisoma The Neverending Story ya Michael Ende kwa Kiingereza, ndipo nikaiona filamu ya 1984. Nusu ya kitabu haimo! Mwandishi aliridhia? Na je, ni haki kuiponda filamu kwa sababu imekiacha kitabu? (Mwalimu, Korogwe)

Mwalimu, hakuridhia hata kidogo. Riwaya yake ilitoka Ujerumani mwaka 1979. Filamu iliongozwa na Wolfgang Petersen, ikatengenezwa kwenye studio za Bavaria, Munich, na wakati huo ndiyo ilikuwa filamu ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Ujerumani. Ende alipoona ilikofikia alitaka waache kabisa au waibadilishe jina. Akaenda mahakamani, akashindwa. Alichopata ni jina lake kutoonekana mwanzoni mwa filamu. Maneno aliyoitolea hadharani yalikuwa makali: kwamba ni fahari ya bei rahisi, biashara, manyoya ya kubandika na plastiki.

Swali lako la pili ndilo zuri. Mhakiki anayeandika "kitabuni haikuwa hivi" akaweka nukta, bado hajaanza kazi. Kitabu cha kurasa mia nne lazima kikatwe. Aseme kisu kimepita wapi na kimetoa nini. Ende mwenyewe alilalamika kama mhakiki hodari. Kilichomuuma hakikuwa wingi wa kurasa. Kwenye nusu ile ya pili, mvulana Bastian anapewa uwezo wa kupata kila anachotamani, na kila tamaa ikitimia inachukua kumbukumbu yake moja. Anakuwa na nguvu, anakuwa na kiburi, anakaribia kuwa dhalimu, na mwisho hakumbuki hata jina lake, njia ya nyumbani haioni. Filamu inakomea kabla ya hapo. Inamtoa Bastian na joka lake jeupe mpaka mjini, wanawafukuza wale watoto waonevu, nao wanajitupa kwenye pipa la taka. Watazamaji wanacheka, taa zinawaka. Yaani kitabu kinachoonya juu ya kupata kila unachotaka kimemalizika kwa mtoto kupata anachotaka.

Hata hivyo nikuambie kitu. Zamani nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video pale Tanga. Kanda ya filamu hii ilikuwa na michirizi sehemu moja tu: pale farasi Artax anapozama kwenye kinamasi, mvulana shujaa Atreyu amezishika hatamu anavuta, analia, anamwita, na farasi hapandi. Watoto walikuwa wakirudisha nyuma na kutazama tena pale pale, mpaka utepe ukalika. Walikuwa wanairudia sehemu iliyowaliza. Mteja mtu mzima alinirudishia kanda akidai nimpe nafuu ya bei kwa ajili ya michirizi ile, nikamwambia michirizi ndiyo sifa yake. Petersen kwenye dakika zile hakukosea kitu, na Ende angeweza kumpa hiyo.

Waandishi wengine nao waliumia, kila mmoja kwa namna yake. P. L. Travers alimwandika Mary Poppins akiwa mkali, mwenye kujiona, asiyejibu maswali. Walt Disney mwaka 1964 akamtoa akiwa mchangamfu na nyimbo mdomoni, akicheza karibu na pengwini wa kuchorwa. Wahakiki wakafurahi, filamu ikateuliwa kugombea Oscar 13 ikachukua 5, Julie Andrews aliyemcheza Mary Poppins akiwa mmoja wa washindi. Travers alilia kwenye onyesho la kwanza. Hao pengwini aliwachukia maisha yake yote. Miaka ya 1990 alipokubali kisa kipelekwe jukwaani, alitaka waandishi wazaliwa wa Uingereza na asiwepo yeyote aliyehusika na filamu ile. Huo ndio mjadala ninaoupenda: umati wote umeshangilia, mwenye kazi amekunja uso, na ukisoma kitabu unakuta mwenye kazi ana hoja. Roald Dahl naye hakuipenda Willy Wonka ya 1971, ila yeye angalau umati haukumshinda siku zile, maana iliingiza pesa kidogo tu zaidi ya gharama zake.

Mjomba, msitutishe na wahakiki wenu. The Wizard of Oz nayo walisema ni upuuzi, leo ni lulu ya dunia. Kila filamu iliyopondwa siku itafika itaheshimika. (Mpenda sinema, Mombasa)

La, ndugu yangu. Hii habari imezunguka sana na imepinda njiani.

Filamu ya Oz ilitoka 1939, kutoka kwenye riwaya ya L. Frank Baum ya mwaka 1900. Wahakiki wengi waliipokea vizuri. Aliyeng'aka ni Russell Maloney wa The New Yorker, aliyeandika kwamba haina chembe ya ubunifu wala ladha nzuri, na kwamba alikaa kwenye kiti akijikunja kwa aibu. Maneno yake yanasambazwa kila mwaka kwa sababu yanachekesha, basi watu wakadhani kila mhakiki alisema hivyo. Mwaka uleule iligombea Oscar ya filamu bora, ikashindwa na Gone with the Wind, ikaondoka na tuzo mbili, ya wimbo na ya muziki.

Tatizo lake lilikuwa fedha. MGM walitumia karibu dola milioni 2.8, iliporudisha karibu milioni 3 bado studio ilihesabu hasara ya zaidi ya milioni moja ukijumlisha usambazaji. Iliporudishwa kumbini mwaka 1949 ndipo ikaanza kulipa. Kilichoifanya kuwa ya kila nyumba ni televisheni: CBS waliionyesha Novemba 1956, na kuanzia 1959 ikawa inarudi kila mwaka. Mtoto aliyeiona akiwa na miaka minne aliiona tena akiwa na mitano, sita, saba. Hakuna uhakiki unaoweza kushindana na ratiba ya namna hiyo, wala kuisaidia.

Kuhusu uaminifu kwa kitabu, hata lulu yako imekiacha. Viatu vya Dorothy vilikuwa vya fedha, wakavifanya vyekundu ili viwake kwenye rangi za Technicolor. Kubwa zaidi, Baum anasema Oz ni nchi ya kweli na Dorothy alikwenda kweli. Filamu inamwamsha kitandani, kumbe njozi. Mabadiliko ya viatu nayapigia makofi. Ya kitanda sijayakubali hadi leo, na mke wangu amechoka kunisikia.

Na hilo la kwamba kila iliyopondwa itaheshimika: zilizopondwa zikazama ni nyingi kuliko zilizoibuka, ila hatuzitaji kwa kuwa hazipo midomoni mwetu. Riwaya hiyo hiyo ya L'Engle iliwahi kutengenezewa filamu ya televisheni mwaka 2003. Mwandishi alikuwa hai bado, wakamuuliza. Akasema alitarajia iwe mbaya, na ni mbaya. Nani anaililia leo? Ya 2018 hakuiona, alifariki 2007. Mimi nadhani hiyo itabaki na mashabiki wake wachache waaminifu, wengi wao wasichana wenye umri wa huyo binti wa Morogoro, na haitavuka hapo.

Mjomba, mimi Narnia niliiona kibanda umiza, dijei akiitafsiri. Nahesabika nimeiona? (Fundi pikipiki, Dodoma)

Umeona filamu mbili kwa kiingilio kimoja. Ile ya 2005 ina simba mzito wa maneno, na dijei mzuri hamwachi simba akae kimya muda mrefu hivyo. Nilimsikia mmoja akimpa Aslan lafudhi ya mzee wa Kigogo, na nikiri kwamba kikao cha yule simba na mchawi mweupe kilinoga kuliko cha asili, ambacho wahakiki kadhaa walikiona kimepoa.

Mjomba, nianze na kitabu au na filamu? Na kipo chochote cha aina hii kwa Kiswahili nimsomee mwanangu wa miaka sita? (Baba, Unguja)

Kitabu kwanza, kama unaweza kukipata na una pumzi ya kusoma kwa sauti. Sababu yangu si ya heshima. Mtoto akishaona filamu, uso wa Meg unakuwa wa Storm Reid na hautoki, lakini akianza na kitabu atakuja kubishana na filamu, na ubishi wa mtoto wa miaka sita kuhusu sinema ni burudani kubwa kuliko sinema. Kwa umri huo A Wrinkle in Time ngojea kidogo, ule mtaa wa mipira utamnyima usingizi. Anza na Alice.

Alice ipo kwa Kiswahili: Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyotoka mwaka 1940. Ukishaisoma ndipo umwonyeshe katuni ya Disney ya 1951, ambayo siku zake ilipokelewa kwa ubaridi, Waingereza wakiwa wa kwanza kununa. Ile ya Tim Burton ya 2010 iingie baadaye sana. Iliwagawa wahakiki na ikavuna zaidi ya dola bilioni moja, lakini ilimvalisha Alice chuma na kumpa upanga, na mimi Alice ninayemjua anashinda kwa kuuliza maswali.

Kupata nakala ya Elisi ni kazi. Mwenye nayo, hata kama haina jalada, asimpe muuza karanga afungie. Aniandikie kwanza, bei tutaelewana.